Mama Anataka Jiwe Lake la Kusagia

Mwankoko, Singida, Agosti 1952

Bwana Mshauri mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, ulizia Mwankoko yote Mjomba Zefania ni nani, mtu aliyeacha darasa la tatu kwa kuwa mwalimu aliishiwa la kumfundisha, akaenda vitani Burma akarudi na buti za ofisa wa Kijapani, lakini sasa nimeshikwa pabaya na mama yangu mzazi.

Mama, Bibi Raheli, alianguka shambani tukivuna uwele, upande wa kulia ukapooza wote na mdomo ukaenda kando, nikambeba mgongoni peke yangu mpaka hospitali ya misheni bila kupumzika hata mara moja, na mganga akasema ataishi, ila ule mkono usiachwe ulale. Nikamrudisha nyumbani nikaamuru asishike kitu chochote, maana mama wa mtu kama mimi ni wa kukaa na kulishwa. Kumbe mke wangu Yunisi, kila nikienda machungani, anampa jiwe la kusagia! Siku moja nimerudi mapema nikamkuta mama amepiga magoti, mkono mzima umeshika ule uliokufa, yote miwili inasukuma jiwe pamoja, jasho linamtoka, na jirani yangu Paskali amesimama mlangoni anacheka, "Mjomba, siku hizi kwenu anasaga mgonjwa?" Bwana Mshauri, kwetu hakuna aibu kupita mama mkwe kusaga na mkamwana yupo.

Nikasema, "Yunisi, mama yangu umemfanya mjakazi?"

Akanijibu bila hata kusimama, "Baba Marko, jiwe kaliomba mwenyewe. Jana kashika kikombe kwa mkono huu huu, ulikuwa wapi uone?"

Nikapandwa na hasira, nikalichukua lile jiwe la juu nikalirusha Ziwa Singidani, likavuka mpaka ng'ambo, na Yunisi nikamwambia arudi kwao Kinyangiri, naye akaenda.

Sasa ni juma la tatu. Mama namnywesha uji mwenyewe, anameza vijiko viwili anafunga mdomo. Neno lake ni moja tu, "Jiwe," na vidole vilivyoanza kukunjuka vimejikunja tena. Nipe dawa ya kumfungua mdomo, ila isiwe ya kwenda Kinyangiri, kwani nimekwisha sema kilabuni mbele ya wanaume kwamba mguu wangu haukanyagi huko.

Ni mimi, Zefania

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Zefania, pole kwa kuuguza. Kumbeba mama mpaka hospitali ni kazi ya mwana, na kwa hilo nakusifu. Hapo sifa zimekwisha.

Mganga alisema mkono usilale. Wewe ulisikia nini? Aliyefuata maneno yake ni Yunisi, nawe ukamfukuza ukabaki na kijiko. Mama yako amesaga tangu akiwa msichana. Ukimnyima jiwe unamwambia amekwisha kufa, bado kuzikwa tu. Uji wa namna hiyo hata mimi ningeukataa. Na Paskali mwache acheke. Akija tena, mpe uwele apige magoti asaidie.

Habari za jiwe kuvuka ziwa sibishani nawe. Chonga lingine leo, jepesi kidogo, umwekee mama mbele yake. Kesho mwache na jamaa wa kumwangalia, upande lori la kwenda Kinyangiri wewe mwenyewe, usitume mtu. Waamkie wakwe zako kwa adabu, useme, "Nilikosea," ukome hapo hapo; Burma usiitaje. Yunisi akitaka siku za kufikiri, mpe, urudi uushike mkono wa mama juu ya jiwe wewe mwenyewe. Kilabuni watasema juma moja, kisha watapata mwingine wa kumsema.

Asage asubuhi kidogo na jioni kidogo, asichoke, na mtu awe karibu. Siku utakapoletewa ugali wa unga wake, utakuta chenga na punje nzima nzima. Kula mbele yake, na uombe kuongezwa.