Mlango Mwekundu wa Mea

Jumatatu, 4 Mei 1500

Kiti kile kile, shingo imekufa ganzi. Neri, mume wangu, ananichora Bikira Maria — mimi, niliyemfokea muuza samaki leo asubuhi! Mtoto mapajani si wangu, ni wa mwokaji mikate. Tumemwazima. Ananikojolea kila siku. Wangu, Bindo, yuko milimani kwa Mea anayemnyonyesha, kama watoto wote wa mji wetu wa Firenze wenye baba mwenye karakana. Mwaka na nusu sasa. Dirishani naviona vilima. Neri ameviweka nyuma yangu pichani, pamoja na nyumba ya Mea na mlango wake mwekundu. Sikumwomba. Nimempenda upya.

Alhamisi, 7 Mei

Bwana Lapo, tajiri wa sufu aliyeagiza picha, kaja kuitazama. Akavua kofia. Akasema macho yale yamekwisha kuuona msalaba. Mama anajua mwanawe atakufa. Na vilima vile ndiyo njia ya Golgota, eti. Machozi yakamlengalenga, maskini. Golgota wapi! Pale Mea anafuga kuku. Nilikuwa namtazama mwanangu, basi. Alipoondoka tulicheka mpaka mtoto wa watu akaamka.

Ila ameagiza: huzuni ile isiguswe, la sivyo picha haichukui. Na uso haujakamilika. Ni kazi yetu ya kwanza ya kanisani.

Jumamosi, 9 Mei

Mea katuma salamu. Bindo ameacha ziwa — anarudi Jumatatu! Nimefua hata shuka zilizo safi. Neri akanikalisha.

"Mama Bindo, huzunika kidogo."

Nikajaribu.

"Meno ndani, mke wangu."

"Basi nipe habari mbaya."

Akawaza. "Mama yangu anahamia kwetu."

Ndiyo kwanza nikaangua kicheko. Siku nzima hakupaka hata ukope mmoja.

Jumatatu, 11 Mei

Amekuja! Mzito, mashavu mekundu, ananuka moshi na mbuzi. Nikanyoosha mikono. Akajificha nyuma ya sketi ya Mea.

"Nenda kwa mama, baba," Mea akambembeleza. Wapi! Mwishowe akamweka mapajani mwangu, akatoka haraka, analia. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mea hakumzaa, na anaujua.

Bindo kalia, kalia. Kisha akaiona picha. Akanyoosha kidole — akanipita mimi wa pichani na joho langu la buluu, akagusa mlango mwekundu kule kilimani.

"Mama," akasema.

Moyo ulinichoma. Na bado nacheka, maana kwa mkono wa pili amenishika kidole gumba, na haachii. Naandika kwa mkono uliobaki. Neri kashika brashi.

"Usijitikise."

Nimemuuliza, uso huu ni wa huzuni au wa furaha? Bwana Lapo atasemaje?

"Sijui. Kaa hivyo hivyo."

Anapaka. Bindo amelala, kidole chake kina rangi nyekundu, na kidole changu bado kimo mkononi mwake.