Mrushaji Bora Waulize Wadakaji

Mjukuu wangu Nasri,

Salamu zikufikie huko Marekani. Hapa mtaani kwetu Satwa sote wazima. Babako kafungua duka la pili la ushoni. Nilizaa fundi miye!

Unauliza, kati ya makota-beki wenu, hao warushaji mpira, bora nani: mwenye vikombe vingi au mwenye mkono mzuri? Umeuliza penyewe! Unguja, kwenye netiboli, mrushaji nilikuwa miye. Baada ya fainali tukabishana nani bora, avishwe kikuba cha asumini. Nikajitaja mwenyewe.

Wenzangu wakapinga: "Ebo! Magoli yote kafunga Mwanaidi!"

Mwanaidi akanivisha miye. "Huyu akishika mpira, nakimbia bila kugeuka. Najua mpira utanikuta."

Basi waulize wadakaji. Na wadakaji wako, unaowarushia huko chuoni, wakikutaja wewe, yalla, nipigie hapo hapo, niitangazie Satwa nzima!

Bibi yako, mrushaji