Nyumba ya Kumi na Moja

Baba,

Nyumba yako imo kwenye orodha ya nyumba zitakazobomolewa Jumatatu, na aliyeiweka humo ni mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Nikivunja kikombe ulikuwa unaniambia, "Sema kwanza, utalia baadaye." Basi nimesema.

Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ulipolala, na simu iko mapajani. Inaweza kulia wakati wowote. Mama anaanua dagaa wake wa omena na hajaniuliza kitu tangu asubuhi. Unajua akinyamaza hivyo inavyokuwa, mtu unatamani hata akutukane.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu? Mji unapanuka mbio, nilikwambia, mpaka ofisi haijui tena nani amejenga wapi. Kwa hiyo tunachukua picha zinazopigwa na setilaiti, ya zamani tunaiweka kando ya mpya, na kompyuta inatuonyesha palipokuwa na nyasi na sasa pana bati. Ukauliza kama hilo jicho linakuona ukiwa juu ya paa. Nikasema linapita kama saa nne na nusu asubuhi, na mtu ni mdogo mno, haonekani. Hukujali. Tangu siku ile, ikifika saa nne na nusu, unaweka nyundo chini, unavua kofia, unapunga mkono. Mafundi wenzako walidhani jua limekupanda kichwani. Mimi nilikuwa naona aibu, na sasa ningetoa chochote kuona hiyo aibu tena.

Mwezi ule tulipokuzika, ofisi ilitakiwa kutoa ramani ya watu walioingia kwenye kinamasi cha ziwa. Aliyejenga kabla mpaka wa kinamasi haujawekwa ataachwa akae. Aliyejenga baadaye, nyumba inaangushwa. Kompyuta ilitoa alama nyekundu kumi na moja, kila moja na namba yake, kwenye vipande vya picha visivyo na jina la kijiji. Alama kama hizo hazithibitishwi mezani. Mtu anakwenda kwa miguu, anasimama mlangoni, anauliza wenyewe. Sikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi unajua unavyonasa gari, nami nilikuwa na kilio. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nina kilio. Nikazikuza picha, nikaona bati linang'aa mahali palipokuwa na nyasi tupu, nikaandika "jipya" mara kumi na moja.

Nyasi. Bila shaka zilikuwa nyasi! Ukitazama kutoka juu, paa la nyasi na nyasi za kinamasi ni kitu kimoja. Na aliyeyashusha mapaa hayo na kupiga bati, nyumba baada ya nyumba, ni wewe.

Nilijua wiki iliyopita. Mama alinipigia simu ofisini, akaniambia kuna watu wamepaka rangi nyekundu mlangoni, akanisomea namba. Niliijua ile namba kabla hajaimaliza. Nimezaliwa humu, ua huu nimeufagia mpaka nikaenda shule ya bweni, na kutoka juu sikuutambua. Nilikata simu ya mama yangu, Baba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, yule tunayemwita Madam, nikamwambia ramani ina makosa na makosa ni yangu. Akaangalia namba, akaangalia jina la kijiji, akanitazama. "Achieng, si hapa ni kwenu? Nani ataamini?" Hakusema kwa ubaya, na hiyo iliniuma zaidi. Akanipa mpaka Ijumaa nimletee kitu cha kushikika, si maneno ya majirani.

Siku mbili sikulala wala kula vizuri. Halafu nikakumbuka osuri. Kila mwanamume wa hapa ana ule mti uliochongoka kwenye kilele cha nyumba yake ya nyasi, na unasimama pale maadamu yu hai. Bati likija, mti hauna pa kukaa. Mafundi wengine waliutupa. Wewe ulikataa. "Nikitoboa bati litavuja," ulisema, "na siwezi kutupa mti wa mtu ambaye bado anakula ugali." Ukawa unaufunga kwa waya ndani, chini ya kilele, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Palipo na mti huo chini ya bati, palikuwa na nyumba ya nyasi kabla yake.

Nikavaa gambuti zako nikaingia nyumba kwa nyumba na ngazi. Kwa jirani yetu Mzee Okelo nilipanda, nikamulika na simu, na mti ulikuwa pale, mweusi kwa masizi ya miaka, umefungwa kwa ule mzunguko wako wa waya, mara tatu na kona moja. Nililia juu ya ngazi. Wazee walidhani naogopa kushuka. Nyumba kumi, miti kumi, yote nikaipiga picha.

Ya kumi na moja ni hii. Humu hamna mti. Nilikuwepo siku ile mdogo wako alipopanda mezani akauvunja, kama inavyopasa mwenye nyumba akifa. Niliusikia ukilia kaa! kama mfupa. Fundi mwenyewe ndiye pekee asiye na ushahidi.

Jana Madam alikuja, na viatu vyake vya ofisini, matope mpaka kifundoni. Akapanda ngazi mwenyewe kila nyumba. Zile kumi akazifuta kwenye orodha papo hapo, kwa kalamu. Tulipofika hapa nikasimama kando. Nikamwambia hii ni ya baba yangu, siwezi kuisemea, na maelezo ya kosa langu nimeyaandika na kuyatia sahihi, ayapeleke juu. Mama alinitazama. Sitasahau alivyonitazama.

Hapo ndipo Mzee Okelo akaegemea fimbo yake mbele ya Madam. "Sasa Madam, huyu fundi mwenye alitufungia hizi miti sisi wote, yeye alikuwa analala wapi? Kwa ziwa, na mamba?" Wazee wenzake tisa wakasema hata hawaondoki mpaka hilo swali lijibiwe. Madam hakucheka. Alizunguka nyumba, akasimama kwenye kaburi lako kidogo, akaniuliza ulijenga lini. Nikamwachia Mzee Okelo ajibu. Madam akaandika. Akasema uamuzi wa hii moja si wake peke yake, atapiga simu.

Naogopa, Baba. Sijui kama kazi ninayo bado, na ningeipoteza leo hii bila kulalamika kama Mama angebaki na mlango wake. Watu kumi watalala kwao kwa sababu ya mikono yako. Hilo tu ndilo linaloniwezesha kukaa hapa karibu na wewe bila kuinamisha uso.

Lala, fundi. Nakuahidi sitaandika tena neno "jipya" juu ya nyumba ya mtu kabla sijapiga hodi mlangoni mwake na kuangalia juu. Mama ametoka sasa hivi. Ameniletea chai, na kofia yako. Jumatatu, wapige simu wasipige, waje wasije, ikifika saa nne na nusu nitakuwa nimesimama hapa uani na hiyo kofia mkononi, nikipunga.

Mwanao,
Achieng