Kimya Kabla ya Kiitikio

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kwenye Bendi. Rasmi. Wao wametangaza kwamba tumeachana kwa "tofauti za kimuziki". Waongo! Tumegombania kitu ambacho hata si muziki — kimya.

Niandike vizuri, nisije nikajidanganya uzeeni. Ule wimbo wetu mkubwa, ule ambao hata wasioipenda roki wanaujua, una kimya kabla ya kiitikio cha mwisho. Vyombo vyote vinanyamaza. Watu wanashika pumzi. Halafu naingia mimi, na ukumbi unapasuka. Kimya hicho ndicho kilichotutoa gereji kikatufikisha viwanjani. Nimekiandikia makala mbili gazetini. Nimekilinganisha na kimya cha wafungwa, cha wajane, cha mataifa yaliyonyimwa kauli. Watu walinipigia simu wakilia.

Jana shemeji — mpiga drams wetu, mume wa dada yangu — aliulizwa redioni kimya kile kilitoka wapi. Akacheka. Akasema siku ya kurekodi fimbo ilimponyoka, akainama kuiokota, basi.

Basi!

Sikatai kwamba fimbo ilianguka. Matunda nayo yameanguka tangu dunia iumbwe, na waliokaa chini ya miti ni wengi. Aliyeona kitu ni mmoja. Aliyeshika pumzi siku ile ni nani? Aliyeamua kuingia pale, si kabla wala baada, ni nani? Nimemuuliza hivyo leo mazoezini, mbele ya wote. Mpiga besi akatazama viatu vyake. Shemeji akasema chukua kimya chako uende nacho.

Nimekichukua.

Jumatano, 6 Machi

Uhuru! Nimekodi wanamuziki wangu mwenyewe. Tunafanya mazoezi juu ya duka la matairi. Ukivuta pumzi ya kuimba unavuta na harufu ya mpira. Lakini wana adabu ya ajabu. Nikisema polepole, polepole. Nikisema wimbo huu uwe na hasira ya mtu aliyesoma, wanaitika "sawa, mzee". Kule Bendi sikuwahi kumaliza sentensi kabla shemeji hajaniangushia toazi.

Nimeandika gazetini: ule wimbo sitauimba tena maishani. Mhariri amepiga simu kuuliza kama nina uhakika na neno "maishani". Wahariri ni watu waoga.

Jumapili, 10 Machi

Albamu imekamilika kichwani. Nyimbo zote zinahusu jinsi historia inavyoandikwa na waongo. Kiitikio hakuna hata kimoja. Kiitikio ni nini kama si kumlazimisha msikilizaji akubali jambo lile lile mpaka achoke kubisha? Hizo ni mbinu za wanasiasa.

Nimemsomea mke wangu maneno yote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa anapiga pasi. Amesema mazuri. Nikauliza mazuri vipi. Amesema marefu.

Baadaye nikamsikia jikoni anauimba ule wimbo chini chini. Nikasimama mlangoni. Akaniona, akanyamaza — pale pale penye kimya! — halafu akamalizia.

Alhamisi, 14 Machi

Redioni. Mtangazaji amenikaribisha kwa heshima zote, kisha akanitambulisha kwa kitu gani? Kwa ule wimbo. Na penye kimya akaongea juu yake! Akatangaza hali ya barabara. Nikamwambia amefanya kama mtu anayepitisha pikipiki makaburini.

Akauliza fimbo ilianguka au haikuanguka. Nikaanza jibu kutoka kwenye mzizi, kutoka falsafa ya sauti yenyewe. Nilikuwa nimefika kwa watawa wa kale likaingia tangazo la sabuni.

Bendi nao wamepata mwimbaji mpya. Shingo ndefu, meno mengi. Namwita Kanda, maana amerekodi kila kitu changu hadi kikohozi.

Jumanne, 19 Machi

Aibu. Naandika masikio yakiwa bado yanawaka.

Leo mazoezini wimbo wa tatu umesimama katikati. Hakuna aliyeusimamisha. Umesimama wenyewe, kama gari lililoishiwa mafuta.

Fundi mitambo wetu wa sauti ametupigia rekodi ya mazoezi, nami nimeelewa, na heri nisingeelewa. Mimi huchelewa kuingia. Kidogo tu; ndio mtindo wangu. Kule Bendi shemeji alikuwa akinisukuma na ngoma yake kubwa, teke moja la mgongoni, kama mtu anayemtoa ng'ombe barabarani. Hawa hawanisukumi. Wananisubiri. Nami nikisikia wamepunguza mwendo, napunguza niwasubiri. Adabu juu ya adabu, mpaka tukabaki tunatazamana.

Nikauliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeendelea kupiga. Mpiga drams akajibu kwa unyenyekevu kabisa: "Tulidhani ndicho kile kimya chako, mzee."

Nimewaamuru wanibishie. Wamesema sawa, mzee.

Jumapili, 24 Machi

Dada amekuja. Hakuvua hata koti.

Kumbe Kanda anaingia mapema! Kila mara. Wamemhesabia kwa vidole, wamemwashia taa, bado anaingia kama anayekimbizwa. Wakamwomba shemeji aseme kimya kina urefu gani. Hajui. Miaka yote hajajua! Alikuwa akisubiri asikie mimi navuta pumzi, ndipo anapiga.

Niliruka kwenye kiti. Nikamwambia dada huo ndio ushahidi, na ushahidi wa mpinzani ndio mtamu kuliko wote. Akanitazama.

"Yeye aliinama, wewe ukasubiri," akasema. "Kosa liko wapi hapo mpaka watoto wangu wakose mjomba?"

Nikaanza kumjibu. Kwanza. Pili. Akainua mkono.

"Kaka, mimi si gazeti."

Anasema Jumamosi watakuja kwenye onyesho langu la kwanza, yeye na mumewe. Wana tiketi zao kama watu wengine. Nikamwambia asithubutu kumleta. Ameondoka bila kugusa chai.

Sikuweza kumwambia hali yenyewe. Promota amenieleza waziwazi: onyesho la Jumamosi likianguka, ziara hakuna na albamu hakuna. Nirudi kwenye makala zangu. Alitamka "makala" kama jina la ugonjwa.

Jumamosi, 30 Machi

Mapumziko. Nimeyatangaza mimi mwenyewe, kabla ya wakati. Chumba cha kuvalia: kiti cha plastiki, kioo chenye ufa, na daftari hili mapajani.

Ukumbi umejaa nusu. Nimetoa utangulizi kabla ya kila wimbo. Utangulizi wa pili umepigiwa makofi kuliko wimbo wenyewe, nadhani kwa sababu uliisha. Wimbo wa tatu umesimama tena. Wamenibishia, ndiyo — kwa zamu, kila mmoja akimpisha mwenzake. Penye ule utupu mwanamke mmoja akaomba kwa upole kabisa, kama anayeomba chumvi, niwaimbie ule. Ukumbi mzima ukaunga mkono. Nikawaambia mimi si redio yao. Nikawaeleza na sababu. Nilipotoka nilimkuta promota nyuma ya pazia anakunja bango langu, taratibu, kona kwa kona.

Sasa nasikia kitu ukutani. Miguu. Wanapiga sakafu kwa miguu.

Wanauimba wenyewe! Bila ala, bila ruhusa, wengine juu wengine chini. Wamefika penye kimya — wameingia mapema. Wote! Ukumbi mzima wa akina Kanda. Wamejicheka, wanaanza upya. Mapema tena. Hivi watu hawa hawana mapafu?

Fundi mitambo amegonga. Kuna bwana ametoka safu ya nyuma, amepanda jukwaani, amemwomba mpiga drams wangu kiti. Naye amempisha, bila shaka — sawa, mzee! Mama mmoja amemshikia koti. Fundi anauliza amwondoe? Nimemwambia ngoja.

Sina haja ya kuuliza ni nani. Lile teke la ngoma nalijua kwa mgongo. Na mapigo ya miguu yao yamenyooka sasa. Wote wanakwenda pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Nilikuwa nimesahau kwamba wimbo unaweza kutembea hivi. Ubeti wa mwisho. Wanakaribia.

Wamenyamaza. Amewanyamazisha vipi, sijui. Pengine ameinua fimbo tu.

Kimya.

Kimeshapita kile cha kwenye rekodi. Hakuna aliyeingia. Mtu amekohoa. Fundi mitambo bado yuko mlangoni, ameshika maikrofoni yangu, anatazama dari.

Maishani, niliandika. Na mhariri aliniuliza.

Hajapiga. Namjua mjinga yule — hatapiga mpaka asikie mtu anavuta pumzi.