Kuku wa Mama Mkwe

Da Mwajuma, kumekuchaje huko Jeppestown? Huku Java tuko juu mlimani, mawingu yanaingia mpaka jikoni bila hodi.

Jana mume wangu alishuka shambani akaniacha na mama yake, yule niliyemwogopa tangu siku ya nikahi. Lugha hatuelewani, ila akisema "kabar" nasikia habari, akisema "sabun" namletea sabuni, basi nikapata ujasiri. Nikawanyooshea kidole kuku wake pale uani, mali anayojivunia kuliko shamba, nikasifia: "Mama, kuku!" Akanitazama kidole, akacheka, akaingia ndani na kutoka na mkasi. Kumbe kwao kuku ni kucha!

Akanikalisha barazani, akanikata kucha zote nilizofuga tangu Ramadhani, taratibu, huku akiimba. Eish, hina yote uliyonitumia ikadonolewa na kuku!

Ningeweza kuuvuta mkono. Lakini, dada, tangu tumzike mama, nani mwingine amewahi kunikata kucha?

Nakubusu wewe na wanao.

Mdogo wako asiye na kucha,
Zuhura