Pia ya Anson

Mahone Bay, Nova Scotia
14 Novemba 2004

Dada Verna mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Delbert, na kwamba baridi ya huko Alberta haijaanza kuwatesa kama mwaka jana. Anson naye hajambo? Nasikia siku hizi anaongea bila kupumzika. Hilo amelirithi kwa mama yake, na usinikatalie. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nimekupigia simu mara nne tangu mazishi na mara zote nne umeiacha ilie, kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya mama na kalamu mkononi, kazi ambayo unajua siiwezi.

Baba tulimzika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kando ya mama, mvua ikinyesha tangu asubuhi. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nyuma. Kina mama walileta soseji na kabichi chachu za kutosha kulisha mabaharia wa meli mbili. Maua yako yalifika. Watu waliniuliza uko wapi, nikawaambia kazi imekubana. Shangazi Hulda hakuridhika. Alisema waziwazi, sahani mkononi, kwamba binti asiyekuja kumzika babake ana moyo wa jiwe. Nilipaswa kumjibu, Dada, na nikimaliza barua hii utajua kwa nini.

Wiki iliyofuata niliingia karakana ya baba. Kila kitu kilikuwa pale pale alipokiacha: patasi zimepangwa kwa urefu, aproni kwenye msumari, vumbi la mbao limelala juu ya mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku ukichongwa kwa patasi. Wajukuu wote wa ukoo huu wana pia ya kuchezea iliyotoka kwenye mashine ile, kutoka kwa ule mtufaha ulioanguka nyuma ya nyumba. Hata mtoto wa mchungaji anayo, na mchungaji si ndugu yetu. Wa kwako peke yake ndiye hana. Najua jambo hilo lilivyokuuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikusikiliza kwenye simu.

Nilitaka kumkerezea Anson pia moja. Nikaona mashine ina kiegemeo kile kirefu tu, kile chuma cha kulazia patasi, cha inchi kumi na mbili, kinachofaa miguu ya meza. Nikaenda kwa Basil Knickle, yule rafiki ya baba anayeuza vifaa vya useremala nyumbani kwake kwenye gereji. Alinipangia viegemeo vitatu juu ya kaunta: kirefu, kilichopinda kwa ajili ya mabakuli, na kifupi cha inchi nne, cha chuma cha mviringo kilichong'arishwa. Kwa kutojua, au kwa kuogopa kukigusa kile kifupi, nilinyoosha mkono kwenye kirefu.

Basil alicheka hadi miwani ikamshuka. “We Leander, unakereza pia au mlingoti wa meli?” Akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto. Kitu kidogo kinataka kiegemeo kidogo. Kirefu kinagonga ncha za mashine zinazoushika mti, kwa hiyo hakiwezi kusogea karibu, na patasi inabaki inaning'inia hewani. Ikining'inia, mti unaidaka, inapigwa chini, na kidole kikiwa hapo katikati, kwaheri. Kile kifupi unakisogeza karibu na mti mpaka ipite karatasi tu katikati. Akaniambia pia nisichukue chenye mikwaruzo juu, maana patasi hukwama kwenye kila kovu, na kabla ya kuwasha mashine niuzungushe mti kwa mkono nione haugusi popote.

Halafu akavua miwani akaifuta kwa shati. Alisema mpaka leo haelewi. Alisema, “Babako hata angekuwa amelewa asingekereza pia kwenye kirefu. Siku ile sijui shetani gani alimpitia.”

Niliweka kile kifupi mfukoni, nikaenda kukaa ndani ya gari langu, nikalia kama ambavyo sikulia hata makaburini.

Dada, shetani aliyempitia baba ni mimi.

Yeye alikuwa nacho kiegemeo kifupi. Unakikumbuka, kile cha chuma cheusi ambacho hakuruhusu mtu akiguse. Kiangazi kile Anson alipozaliwa, nilikichukua bila kumwomba, nikaenda nacho kwangu kukereza vizibo vya chupa vya kuwauzia watalii. Kikaniponyoka kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, mguu wa kiegemeo ukakatika. Nilikitupa baharini, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, kama mtoto aliyevunja kikombe. Baba alipokitafuta nilimwambia sijakiona. Na si hivyo tu. Nilimwambia siku hizi anasahau, huenda amekiweka mahali mwenyewe. Alinitazama, akasema labda. Akaanza kutilia shaka akili yake mwenyewe kwa ajili yangu.

Alikitafuta siku tatu. Siku ya nne akasema mtoto wa Verna hawezi kungoja mpaka yeye azeeke zaidi, akafunga kile kirefu. Patasi ilidakwa, ikampasua kidole gumba mpaka kwenye kiganja. Mimi nilikuambia amejikata kidogo. Haikuwa kidogo. Mkono ule haukushika patasi tena hadi siku aliyokufa.

Unajua alivyokuwa hasikii kwenye simu, na kuandika hakuweza tena. Kila neno kati yenu lilipita kwangu. Aliniambia nikueleze kwamba pia ya Anson ameianza, na ataimalizia mkono ukipona. Nilimwambia nimekueleza. Kumbe wewe nilikuambia mzee hana nafasi, maana ningekueleza kuhusu mkono ungeuliza ilikuwaje, na ningelazimika kusema. Krismasi ile ulilia kwenye simu, ukasema nimwambie baba kwamba kama hajakusamehe kuolewa na kuhama, basi abaki na vinyago vyake. Alikuwa amekaa hapo karibu na jiko, ananitazama mdomo. Nilikata simu nikamwambia, “Verna anakusalimu sana.” Akafurahi. Kila mwaka aliuliza kama unakuja, na kila mwaka nilimtungia sababu.

Hakuwahi kukukasirikia, Dada. Hata siku moja. Mwenye moyo wa jiwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele kanisani, amevaa tai ya baba. Jumapili ijayo nitamwambia Shangazi Hulda hivyo hivyo, mbele ya watu wale wale.

Ndani ya kisanduku hiki kilichokuja na barua utaikuta pia ya Anson. Niliitoa kwenye mfuko wa aproni yake. Upande mmoja ni pia kabisa, laini, ncha yake imeshachongwa. Upande wa pili ni gogo bado, na pale kati kuna jeraha, ndipo patasi ilipoingia. Doa lile jeusi ni damu yake. Sikulipiga msasa.

Sasa igeuze uangalie kitako cha gogo. Unajua kawaida yake: kabla hajaufunga mti kwenye mashine aliandika jina la mtoto kwa penseli pale mwishoni, kwenye sehemu itakayokatwa kazi ikiisha, ili asije akasahau anamkerezea nani. Majina ya watoto wote wa ukoo huu yalikatwa yakafagiwa pamoja na vumbi. La Anson tu ndilo limebaki. Ni mwandiko wa baba, mkono ule ukingali mzima.

Kiegemeo kifupi nimekifunga kwenye mashine, kiko karibu kama Basil alivyonionyesha. Ukitaka niimalize, irudishe, nami nitaikereza kwa uangalifu wote nilionao. Lakini nikiimaliza, jina litakatika. Amua wewe. Mimi sina tena haki ya kuamua lolote kati yako na yeye.

Msalimie sana shemeji Delbert. Mbusu Anson, umwambie babu yake aliliandika jina lake. Siombi unijibu. Usiku mwema, Dada, au mchana mwema, sijui utaisoma saa ngapi.

Ni mimi mdogo wako,
Leander Zwicker