Mtani Wangu, Hongo Umelipa

Mtani wangu mpendwa, Mama Nyemo,

Pole na safari. Kabla hujaanza kujisifu huko uliko, ujue kwamba jogoo wangu sijamsahau. Namsema yule mwekundu, mwenye upanga wa kichwani uliolala upande mmoja, uliyemkamata uani kwangu mchana kweupe huku mke wangu Nyamizi akikutazama. Nakuandikia waziwazi, wote wasome, kwa sababu hata ulipokuwa hai hukuwahi kunisema faraghani. Kila uliloniambia, kijiji kizima cha Ntalikwa kililisikia.

Wapo watakaosoma na hawajui utani wetu, kwa hiyo nivumilie niwaeleze. Wewe Mgogo, mimi Mnyamwezi. Babu zangu walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo ya watu kutoka huku Tabora mpaka pwani, na njiani walilazimika kukatiza Ugogo. Babu zako waliwazuia: hongo kwanza, ndipo mpite, ndipo mchote maji. Wakagombana weee, mpaka ugomvi wenyewe ukawachosha, wakaanza kutaniana. Ndiyo maana mpaka leo Mgogo anaweza kuingia kwangu, akanitukana, akaondoka na kitu changu, nami sina ruhusa ya kununa. Na mmoja wetu akifa, mwenzake ndiye anayekwenda kufanya vituko msibani ili wafiwa wapate kupumua.

Uliletwa huku na mume wako, fundi wa reli, na alipofariki ndugu zako walikutaka urudi kwenu Bahi. Ukawajibu kwamba ukiondoka, hawa Wanyamwezi watabaki na nani wa kuwafundisha kula mlenda? Ukabaki na binti yako Nyemo. Kila asubuhi ulipita na kapu lako kwenda sokoni, ukasimama langoni kwangu na kupaza sauti kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwa! We mpagazi, uko hai bado?" Nami nilikujibu kutoka uani: "Niko hai, pita upesi, leo hakuna wa kukupa hongo!" Nikijaribu kukuamkia shikamoo kwa sababu ya umri wako, ulikataa katakata. Ulisema shikamoo ya mpagazi si yake, ameibeba tu ya mtu mwingine.

Halafu ukaja ule mwaka ambao moyo wangu ulizima. Mpaka leo sijui kwa nini. Sikuwa nimefiwa, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, mizinga yangu ilikuwa imejaa asali huko porini. Lakini asali yenyewe ilikuwa haina ladha mdomoni. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikaanza kugawa mizinga yangu kwa majirani, mmoja mmoja, na watu wakanisifu kwa ukarimu.

Wapo walioona. Kaka yangu Luhende aliona, akaja na kanzu yake ya sikukuu, akakaa kitako na kuniambia, "Maganga, ukoo wetu haujawahi kuwa na jambo hilo. Usituaibishe." Mchungaji naye aliona, akaniombea, kisha akanieleza habari za moto wa milele kwa kirefu mno. Jirani mmoja alikuwa anachungulia kila jioni kwa kisingizio cha kuazima chumvi, nadhani alitaka awe wa kwanza kupata habari. Nyamizi wangu aliona kuliko wote. Akawa hatoki nyumbani, hanisemeshi neno, ananifuata kwa macho tu mpaka macho yakawa mekundu. Kila mmoja alilizungukia lile jambo kwa mbali. Hakuna aliyelitaja kwa jina lake.

Wewe hukuambiwa na mtu. Ulisimama langoni kama kawaida, ukauliza kama nilikuwa hai bado, na mimi nikanyamaza. Ukanitukana, nikanyamaza. Ukaitukana miguu ya babu yangu, ukautukana ugali wa mama yangu, Mungu amrehemu, na bado nikanyamaza. Nasikia watu wa mjini hupimwa joto wakiugua. Wewe ulinipima kwa matusi, ukajua nina hali mbaya.

Ukatua kapu, ukaingia, ukakaa chini kando yangu. Ukaniita kwa jina langu, jambo ambalo hukuwahi kulifanya.

"Maganga. Unataka kujiua?"

Ulisema hivyohivyo, mchana, Nyamizi akisikia. Nilidhani paa lingeanguka. Halikuanguka. Nikajikuta nasema, "Ndiyo, Mama Nyemo. Nawaza hivyo. Nimechoka." Nyamizi akaja akanishika mkono, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote hizo alikuwa akiogopa kulitaja, asije akanitia wazo ambalo sikuwa nalo.

Nikasubiri mahubiri. Badala yake ulikuja juu.

"Na mimi je? Mimi atanizika nani? Nyemo atakuwa analia, ndugu zangu wako Bahi huko, watafika nimeshafukiwa. Nimekaa kwenye nchi hii ya wapagazi nikijitapa kwamba mtani ninaye. Unadhani nimekutukana miaka yote hii bure? Nilikuwa naweka akiba! Siku yangu ikifika nataka uje uzibe njia, jeneza lisipite, watu wacheke mpaka wasahau walikuja kulia. Sasa wewe ukitangulia hivyo, mimi msibani kwako nitafanya kituko gani? Kifo cha namna hiyo hakitaniki, Maganga. Nitakaa pembeni nimefunga mdomo. Mimi! Nimefunga mdomo! Unaniona naweza?"

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimetoka na makohozi, lakini kilikuwa changu. Sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Ukasimama, ukatangaza kwamba unatumia haki yako ya utani, ukaanza kubeba. Ulibeba sufuria, kofia yangu, redio, ukamkamata na jogoo uani, na katikati ya vitu hivyo ukachomeka vitu fulani ambavyo hukutaka vikae karibu nami siku zile. Luhende alifika akakuta unatoka na mzigo kichwani, akataka kufoka. Ukamwambia, "Utani huo, nenda kashitaki kwa babu zako." Akakupisha. Nilipopona ulirudisha kila kitu, mpaka betri za redio. Jogoo tu ndiye hukumrudisha.

Kesho yake ukatupakia mishikaki kwenye bodaboda, mimi katikati, Nyamizi nyuma, wewe ukatangulia na yako, mpaka Kitete hospitalini. Sikutaka kwenda. Nilifikiri wataniita mwendawazimu. Ulimwambia daktari, kabla sijafungua mdomo: "Huyu ni mpagazi, mzigo umemzidi. Hatukuja kumnyang'anya, tumekuja apunguziwe." Daktari alicheka, kisha akanisikiliza kweli, na hakushangaa hata kidogo. Niliporudi tena na tena kuzungumza naye, ulikuwa unakaa kwenye benchi nje, ukiwauzia wagonjwa karanga. Dawa zilifanya kazi yake polepole. Kuna majuma nilidhani hazifanyi kitu. Siku moja nikalamba asali kwenye kisu na ikawa tamu, nikaita watu waje waone.

Nimewaza sana juu ya watu walionizuia, na kila mmoja kwa nini alinizuia. Zamani nilimchukia Luhende. Nilisema huyu anahangaikia jina, hanihangaikii mimi. Juzi tulikuwa porini, amening'inia kwenye kamba ya mzinga akitetemeka, maana anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa simba, lakini tangu mwaka ule hakubali niende peke yangu. Nikamwuliza kwa nini siku ile alinitajia ukoo. Akaniambia, "Nilisema habari za ukoo kwa kuwa sikujua kusema nakupenda." Kisha nyuki akamng'ata sikioni, mazungumzo yakaishia hapo. Mchungaji naye nimemsamehe moto wake. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu huokota silaha iliyo karibu. Hata yule wa chumvi, Mungu ambariki, alikuwa anahakikisha naonekana kila jioni. Sababu zao zilipishana ubora, lakini mikono yao yote ilinishika.

Yako ndiyo ilikuwa sababu ya choyo kuliko zote. Ulitaka mazishi yako yawe mazuri. Wengine walinionea huruma, nami nilikuwa nimejaa huruma mpaka kooni. Wewe ulikuja na kazi, ukaniambia kazi hii haina mtu mwingine. Nilikupenda kwa hilo, Mama Nyemo, na nakupenda mpaka sasa, na usijibu.

Ulipofariki mwaka huu, baada ya masika, umekula ukashiba na kulala zako, nilikuwa wa kwanza kuamka siku ya mazishi. Nilijifunga kilemba, nikajitwika tita la kuni. Walipolitoa jeneza lako nyumbani na kwaya ikishika wimbo, walinikuta katikati ya njia. Nikatua mzigo mbele yao.

"Hapa ni Unyamwezi!" nikapaza sauti. "Babu zake huyu walituzuia tukiwa na kiu. Leo anapita kwetu. Hongo kwanza!"

Kwaya ikakatika. Wageni kutoka Bahi wakatazamana, kisha wazee wao wakaelewa, wakapiga makofi. Binti yako Nyemo, macho yamemvimba kwa kilio, aliniangalia, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. Akaingia uani kwenu, akarudi na jogoo mwekundu. Upanga wake umelala upande mmoja, mtani! Kumbe wa kwangu hukumla. Ulimfuga, ukamzalisha.

Nikampokea, nikatwaa mzigo wangu, nikakupisha. Watu walikuwa wanacheka kama ulivyotaka, na hapo ndipo mimi nilipolia, kwa sauti, jogoo kwapani, wala hakuna aliyeniambia mwanamume halii. Nilikuwepo, mtani. Uliniagiza nije, nikaja.

Sasa Nyemo ndiye anayepita na kapu. Asubuhi ya leo amesimama langoni, akauliza kwa sauti yako ileile: "Mbukwa! We mpagazi, uko hai bado?" Nikamjibu niko hai. Akaniambia siku yangu ikifika ni yeye atakayeziba njia, ila nisiwe na haraka, maana bado hajajifunza matusi ya kutosha.

Nimemwambia ajifunze taratibu.

Lala salama, na huko usiwadai watu hongo ya maji.

Mtani wako,
Mpagazi wa Ntalikwa